Firigisi ya Korongo

Shemeji yangu Wanjala hajawahi kufanya jambo moja bila kusimulia mawili. Akiondoa theluji mbele ya mlango wake, Jumapili kanisani tutasikia alivyofungua barabara nzima. Akisukuma kitanda cha mgonjwa kutoka wodini hadi eksirei, ambayo ndiyo kazi yake katika hospitali moja hapa Minneapolis, jioni atakueleza "tulivyomwokoa" mgonjwa huyo, yeye na madaktari. Ni mwaka wa kumi na moja tangu amwoe mdogo wangu Alice, na miaka yote hiyo nimemsikiliza kwa kuuma meno tu.

Alizaliwa upande wa Bungoma kama sisi, akashinda bahati nasibu ya green card, akaja huku na sanduku moja na mdomo mmoja. Sanduku lilichakaa zamani.

Mimi na yeye tunafanya kazi katika jengo moja. Yeye yuko juu anasukuma vitanda, mimi niko chini kabisa, basement, nafua mashuka ya vitanda hivyo. Hili la mashuka Baba yetu halijui. Nilipofika Marekani nilianza kusomea unesi, nikaanguka kemia mara mbili, nikaacha. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imeshafika nyumbani, na Baba alikuwa ameshaitangaza kanisani. Kwa hiyo kwetu mimi, Mama Stacy, ni nesi. Sijawahi kusema uongo juu ya hilo; niliacha tu mambo yakae yalivyokaa. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa mtu kama Wanjala hawezi kuona tofauti yake.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Baba alikuja kututembelea. Mzee Jairus ni mtu wa suti na kofia hata kwenye joto. Alifikia kwa kaka yetu Eric huko Eden Prairie, kwenye nyumba ambayo gereji yake ingetosha kuwa darasa. Alikuwa na neno moja rohoni. Alice aliolewa huku, Baba akaiona harusi kwenye simu, na hakuwahi kukaa chini na mkwewe wakatazamana. Basi akasema mbele yetu sote: "Nitakula nyumbani kwa Wanjala siku nitakayoridhika naye. Nikila, ni mkwe wangu. Nisipokula, Alice anakaa tu na mtu."

Wiki ya kwanza alikwenda, akaketi, akanywa maji, akarudi. Ya pili vilevile. Alice alikuwa akinipigia simu analia. "Dada, ataondoka hajala kwangu. Huko nyumbani nitaitwa nani?"

Wiki ya tatu Baba alitaka kuniona kazini. Wanjala ndiye aliyempokea mlangoni, akampandisha ghorofa ya sita, akamsimamisha mbele ya mlango wenye taa nyekundu. "Mama Stacy yuko ndani theatre, Baba. Kuna operesheni. Hawezi kutoka." Baba akavua kofia mbele ya mlango ule, akasali. Muda huo mimi nilikuwa chini kabisa nakunja taulo. Mwingine angemshukuru Wanjala. Mimi nilichokiona ni jinsi uongo ulivyomtoka kwa ulaini, kama mtu anayemenya ndizi.

Mwezi wa tisa korongo walianza kupita. Huku wako wa kijivu, warefu, wenye paji jekundu, na wakipita juu ya nyumba ya Eric wanalia kama mlango wa chuma unaotaka grisi. Baba alitoka nje akawatazama. Akauliza kama wanaliwa, maana kwetu korongo tunamfukuza shambani asile mahindi yaliyopandwa, hatumli.

Mtu mwenye akili angesema hajui. Wanjala akasema, "Wanaliwa sana, Baba. Mimi mwenyewe hu-hunt kila season."

Kila season! Mtu ambaye panya akionekana jikoni kwao, Alice ndiye anayeshika ufagio. Lakini Baba alimgeukia na kumtazama kwa mara ya kwanza kama anayemtazama mwanamume. "Basi niletee mmoja," akasema. "Nitakuja nimle kwako, Jumamosi kabla sijasafiri." Ndege yake ya kurudi Kenya ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo picha ikaingia kwenye WhatsApp ya familia: Wanjala amevaa jaketi la rangi ya majani makavu, amemshika korongo shingoni kama kuku wa kupelekwa sokoni. Chini aliandika, "God is faithful. One shot." Eric akatuma makofi. Baba akatuma sala ndefu.

Siku iliyofuata Lenny alishuka basement kutengeneza mashine ya kukaushia. Lenny ni fundi wa hospitali, Mzungu wa mashambani, mtu asiye na maneno mengi, na ndiye aliyekwenda na Wanjala. Nilimpongeza kwa mawindo, naye akanisimulia yote huku anacheka, bila ubaya wowote.

Waliendesha gari kwa muda wa karibu saa sita kwenda kaskazini magharibi. Alfajiri wakalala chali kwenye shamba la ngano iliyovunwa, katikati ya korongo bandia wa plastiki. Kazi ya Wanjala ilikuwa kuwabeba hao wa plastiki na kuwasimika. Bunduki hakuigusa, maana hana hata cheti cha kumruhusu. Lenny alipiga, korongo akaanguka, Wanjala akakimbia kumwokota. Kumbe ndege hajafa. Akasimama, akamwelekezea mdomo mrefu kama bisibisi, na korongo aliyejeruhiwa hulenga macho. Wanjala aligeuka, akatimua mbio mpaka kwenye gari na kujifungia ndani. Lenny akammaliza ndege. Ndipo shujaa wetu akatoka, akaomba kupigwa picha.

"Ukampa ndege mzima?" nilimuuliza.

Hapana, akasema. Alikata vidari viwili, akaacha bawa moja limeshikamana na nyama, maana sheria ya huku inataka hivyo ili askari wa wanyamapori akiwasimamisha njiani amtambue ndege. Mengine yote alitupa kichakani.

"Na firigisi?"

Lenny alinitazama kama niliyemuuliza habari za kwato. "Nani anakula hiyo?"

Nikajua Jumamosi kutakuwa na sinema ya bure. Kwetu Waluhya, ndege asiye na firigisi ni nyama tu. Firigisi huwekwa mbele ya mtu mwenye heshima kuliko wote mezani, na mwanamke aliyeionja jikoni anaweza kuitiwa kikao cha wazee. Baba haanzi kula kabla hajaiona kwenye bakuli. Wanjala anayajua haya tangu utotoni. Lakini miaka ya kununua kuku vipandevipande kwenye trei ya plastiki ilikuwa imemsahaulisha kwamba ndege ana kitu ndani.

Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza hata kumnong'oneza Alice. Sikufanya hivyo. Nilipiga pasi gauni langu zuri.

Jumamosi Alice alikuwa jikoni tangu asubuhi. Nyama ya korongo ni nyekundu kama ya ng'ombe. Lenny alishauri iachwe mbichimbichi katikati, lakini nani atampa Baba nyama yenye damu? Alice akaichemsha, akaikaanga kwa vitunguu na nyanya, akaitilia dhania, akasonga ugali mgumu unavyotakiwa. Wanjala alilichukua lile bawa, akaliweka kwenye sinia katikati ya meza kama ua. Tukanawa. Eric akaomba. Kisha Wanjala akaanza.

"Sasa Baba, huyu ndege alikuja hivi. Mimi nikamlia timing. Lenny anani-tell, 'Shoot, shoot,' nikamwambia, 'Relax, bro.' Nikangoja mpaka nikaona jicho. Ndio nikam-shoot. Pap!"

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua kijiko, akageuza mchuzi taratibu, upande huu na upande ule.

"Bawa nimeliona," akasema. "Firigisi iko wapi?"

Alice alimtazama mumewe. Wanjala alilitazama bakuli, kama kwamba firigisi ingejileta yenyewe.

"Baba, huku... huku hizo vitu zinatupwa. Ni sheria yao."

"Sheria imekukataza firigisi, ikakuruhusu bawa?"

"Si sheria hasa..."

"Ni wewe uliyeua?"

"Ndio, Baba."

"Na kisu kilikuwa mkononi mwa nani?"

Wanjala alilisogeza lile bawa kwenye sinia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, pale pale uongo wake unapopitia.

"Mwanamume anaua ndege kwa mkono wake," Baba alisema, "anajua baba mkwe anamngoja, halafu anasahau firigisi? Anayeisahau ni yule aliyepewa nyama na mwenzake."

"Ni Lenny, Baba," Wanjala akasema, sauti chini. "Lenny ndiye alipiga. Mimi nilibeba tu."

Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi. Miaka kumi na moja ya kuuma meno, hatimaye nimeona debe linafunguliwa mbele ya watu na ndani hamna kitu. Hata machozi ya Alice hayakunizuia.

Baba alifuta mkono wake, mkono ambao ulikuwa haujagusa ugali. "Njia ya mwongo ni fupi. Anayenidanganya juu ya ndege atanidanganya juu ya mtoto wangu." Kisha akanyoosha kidole, na kidole kikanijia mimi. "Mtazame shemeji yako. Huyu anaingia theatre, anashika roho za watu mikononi. Nimekaa hapa wiki ngapi? Sijamsikia akijisifu hata siku moja. Nenda ukajifunze kwake."

Wanjala aliinua kichwa akanitazama. Neno moja lingetosha. Angesema "laundry" tu, na Baba angepata mwongo mwingine wa kuhangaika naye. Alice alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ni kweli, Baba," akasema Wanjala. "Nitajifunza kwake."

Baba alisimama, akachukua kofia yake. "Eric, twende. Jumanne nitakula kwa Mama Stacy. Kuku. Na awe mzima."

Nyama ile Alice aliimwaga yote. Hakuna aliyeionja, kwa hiyo mpaka leo siwezi kukuambia korongo ana ladha gani.

Jumatatu Wanjala alishuka basement. Nilidhani amekuja kunidai shukrani, nikajiandaa kumpa jibu lake. Akaniuliza tu kuku nitamtoa wapi, maana wa dukani hana firigisi, au amewekewa kwenye kijifuko firigisi ya kuku mwingine. Nikamwambia sijui. "Kuna farm huko nje ya Saint Paul, shem," akasema. "Wanauza wakiwa hai. Nitaenda after shift."

Jioni alibisha mlangoni kwangu, mtaa wa Phillips, na mfuko mkononi. Jogoo mzima: kichwa, miguu, shingo, maini, na firigisi imeoshwa, imetengwa kwenye karatasi safi. Alimchinja mwenyewe na kumnyonyoa mwenyewe, na kiganja chake kilikuwa na mkwaruzo mrefu wa kucha za jogoo. Nilingoja hadithi, jinsi jogoo alivyokuwa mkubwa na alivyompiga chenga mara tatu. Aliuweka mfuko mezani tu, akaelekea mlangoni. Aliposhika kitasa ndipo akageuka.

"Shem, Baba akiuliza nani alichinja, wewe mwambie tu. Labda Wednesday atakubali kupita kwa Alice. Hata kama ni chai na mkate."

"Sawa," nikamwambia.

Jumanne Eric alikuwa ofisini, kwa hiyo Wanjala ndiye aliyemleta Baba kutoka Eden Prairie. Baba alipanda ngazi peke yake. Nilimkaribisha, nikamnawisha, nikamwekea bakuli, na firigisi ikawa juu kabisa. Aliitazama, akatabasamu, akaichukua kwa vidole viwili.

"Huyu kuku amechinjwa vizuri," akasema, akiigeuza shingo kwa ncha ya uma. "Mara moja tu, bila kuhangaika. Ni mkono wa nani?"

Dirisha langu linatazama maegesho. Gari la Wanjala niliweza kuliona, na yeye ndani, mikono kwenye usukani. Nikafikiri: nikisema ni Wanjala, Baba atauliza kwa nini Wanjala ananichinjia kuku baada ya mimi kumwangalia akivuliwa nguo mezani. Atauliza kuna nini kati yetu. Swali moja litazaa jingine, na yule mzee hachoki kuuliza.

"Mimi, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua! Nesi wa kweli haogopi damu." Akaitia firigisi mdomoni, akaitafuna polepole akiwa amefumba macho. Kisha akanibariki mimi na nyumba yangu na kazi ya mikono yangu, na nikaitikia amina.

Wanjala bado ninamdharau. Siku ile alikaa chini kwenye gari zaidi ya saa mbili, akingoja kumrudisha Baba, na bila shaka akingoja pia kusikia kama nimesema. Kuku alibaki nusu bakuli. Sikumshushia hata shingo.