Chumvi ya Ng'ombe Kwenye Bwawa la Ubatizo

Jamani, hili jambo nimelificha kwa wanangu miaka yote, na kama si shemeji yangu kuangua kicheko juzi kwenye sherehe na kuwaambia "muulizeni baba yenu habari za bwawa," ningekufa nalo. Sasa kwa kuwa limeshatoka, bora niliseme mwenyewe kuliko kusemewa, maana wenzangu hawa wanapenda kuongeza chumvi, na humu ndani iliyopo inatosha.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwishoni mwishoni, reli ya Zambia imeshaanza kupiga honi pale Mbeya, na mimi nimetoka kwetu Iringa na cheti changu cha ufundi bomba na umeme kidogo, kijana wa kupendeza (nasema mwenyewe kwa kuwa walioniona wengi wamezeeka na kusahau), nimevaa suruali ya bugaluu, chini raizoni zenye visigino virefu, na nywele za afro zinazotangulia mlangoni kabla yangu. Nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Kinyakyusa, Atupele. Baba yake, Mzee Asajile, alikuwa mtunza nyumba wa mzungu mmoja mhandisi wa barabara tuliyemwita Bwana Keni, kule juu Uzunguni, na mzee huyu alinipenda bila shida. Shida ilikuwa mama. Mama Atupele alikuwa mwanamke wa maneno machache, ukimwamkia "mugonile" anakuitikia vizuri kabisa halafu anakutazama viatu. Alishamwambia mwanawe, "Huyo Mhehe wako ana mdomo kuliko mikono," na Atupele bila huruma akaniletea maneno hayo kama yalivyo. Yaliniuma, sikatai. Tangu siku hiyo nikawa natafuta nafasi ya kumwonyesha mikono.

Nafasi ikaja kwa njia ya bwawa la kuogelea. Bwana Keni alikuwa nalo nyuma ya nyumba (kuogelea Mbeya, kwenye baridi ile, ni kujitafutia ugonjwa, lakini mwenye bwawa ni yeye), na bwawa hilo halikutiwa dawa ya unga kama mengine. Lilikuwa na mashine aliyoagiza kwao. Unatia chumvi kwenye maji, pampu inayavuta, yanapita kwenye bomba lenye vibati ndani, umeme unapita kwenye vile vibati, na chumvi inatoa klorini ya kuua uchafu. Mashine ya kwanza ilikufa, maji yakawa kijani mpaka vyura wakahamia. Mashine mpya ikaletwa kwa ndege, na Mzee Asajile akaondoa maji yote, akasugua bwawa siku mbili, akajaza maji mapya ya bomba, safi, unaona hadi vigae vya chini.

Sasa, Pasaka ilikuwa imekaribia, na kanisa la kina Atupele hubatiza kwa kuzamisha. Kijito walichozoea kilikuwa kimefurika kwa mvua, kinabeba magogo. Mzee akamwomba Bwana Keni bwawa kwa Jumapili moja tu, na mzungu akakubali. Miongoni mwa watakaobatizwa alikuwamo Mama Atupele mwenyewe, amesoma mafundisho miaka miwili, na gauni lake la amerikani nyeupe amelishona kwa mkono, pindo kwa pindo. Nilimwona akilipiga pasi ya mkaa siku tatu mfululizo, gauni lile lile.

Kabla ya kuondoka kwenda Iringa kikazi, Bwana Keni aliniita, maana Mzee alishamwambia kuna fundi bomba anayemjua.

"Fundi, mashine namna hii unaijua?"

"Naijua, Bwana," nikasema. (Sikuwahi kuiona hata kwenye picha.)

"Vizuri. Wewe funga tu. Chumvi safi imeadimika madukani, nitatafuta huko. Usitie kitu mpaka nirudi. Maji ni mapya, kwa kanisa yanatosha." Kisha akamgeukia Mzee. "Asajile, maji haya nimeachia wewe."

"Ndiyo, Bwana. Hakuna atakayegusa."

Mpaka hapo mmeona, hakuna aliyenitaka nifanye kosa lolote. Na nisijidharau kupita kiasi: mashine niliifunga vizuri. Nilikata bomba la zamani, nikatoa ile mbovu iliyoganda weupe, nikaweka mpya kwa kufuata mshale wa maji, nyaya nikaziunga kila moja mahali pake, na nilipobonyeza swichi pampu ikaitika. Tatizo, taa nyekundu ikawaka. Kitabu chake cha Kiingereza (nilisoma ukurasa wa kwanza na michoro) kilionyesha kwamba taa hiyo ni ya kukosa chumvi, na chumvi ikiwemo inawaka ya kijani na viputo vidogo vinatoka kwenye maji. Viputo ndivyo vilivyoniponza. Nilishavipenda kabla sijaviona. Nikawa nawaza, Jumapili Mama anashuka majini, viputo vinapanda, watu wanauliza nani kafunga mashine ya ajabu namna hii, Mzee anajibu kwa sauti, "Mkwe wangu mtarajiwa," na Mama kwa mara ya kwanza ananitazama usoni badala ya viatuni.

Basi Alhamisi nikazunguka mji mzima kutafuta chumvi. Madukani hakuna, kila mwenye duka ananipungia mkono nikiwa bado mlangoni. Ila Sokomatola nikamkuta mfanyabiashara kutoka Rujewa, ana yale matofali mekundu ambayo wafugaji wa Usangu huwawekea ng'ombe wayalambe. Nikalamba kidogo (ndiyo, mimi mwenyewe, sokoni, watu wananitazama). Chumvi kabisa! Nikachukua mkokoteni mzima.

Mzee aliponiona naingia getini akasimama na fagio lake.

"Fundi, hiyo si ya ng'ombe hiyo?"

"Mzee, chumvi ni chumvi. Mashine haijui ng'ombe wala mtu."

"Na Bwana alisema tusitie kitu."

"Alisema hivyo kwa kuwa hakujua kama itapatikana. Akirudi akakuta taa ya kijani, atakushukuru wewe."

Mzee akakuna kichwa, akaniamini. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko pengine pote, kwamba aliniamini kwa sababu nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Matofali yalikuwa magumu, nyundo inarusha vipande hadi kwenye maua, nikamtuma Atupele alete kinu. Akaleta cha mama yake bila kumwambia, tukatwanga Jumamosi asubuhi yote, mimi na yeye kwa zamu, tunacheka, mbuzi wa jirani wamejaa kwenye ua wanalamba hewa. Nikamwaga unga wote bwawani. Weee! Maji yakawa mekundu, mekundu ya matope ya barabara ya Tukuyu, na nilipowasha mashine yakazidi kukolea. Nikazima kila kitu. Mzee alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya, Atupele amekwenda kurudisha kinu, nimebaki mimi na mbuzi.

Nikakaa pale mpaka giza likaingia, nikiomba. Na kweli, kwa kuwa maji yalikuwa yametulia, ule wekundu ukaanza kushuka polepole, na Jumapili alfajiri nilipokuja mbio nikakuta maji meupe, yametakata, ila chini kuna kiwingu cha kahawia. Nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo hakulifanya. Mzee akaja akachungulia.

"Mbona chini kuna giza?"

"Kivuli cha miti, Mzee."

Alitazama juu. Mti wa karibu ulikuwa ng'ambo ya ua.

Saa nne kanisa zima likawa uani, kwaya kwenye ngazi, akina mama wamefunga vitenge vyao vya Pasaka, na wanaobatizwa tisa wamejipanga na mavazi meupe wakitetemeka kwa baridi kabla hata ya kugusa maji. Mimi nimesimama karibu na mashine, bugaluu ya rangi ya krimu, raizoni zinang'aa. Mchungaji akashuka ngazi za bwawa. Hatua ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu ikagusa chini, na kutoka kwenye miguu yake nikaona kitu kinafumuka kama moshi. Akafika katikati, kila hatua inakoroga, na aliposimama na kugeuka alikuwa ndani ya chai ya rangi.

Kwaya ikayumba, soprano wakanyamaza, besi wawili wakaendelea peke yao. Mchungaji akatazama maji, akatazama mbingu, akaita wa kwanza. Kijana wa watu akaingia mweupe akatoka kahawia. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Mama Atupele. Alisimama ngazini akiwa ameshika gauni lake kwa mikono miwili, akayatazama yale maji, kisha akageuza kichwa akanitazama mimi. Usoni! Siku zote nilizoitafuta ile nafasi, na siku hiyo ningelipa chochote atazame viatu. Kisha akaachia gauni, akashuka, akazamishwa, akainuka, na amerikani ile aliyoipiga pasi siku tatu imekuwa ya rangi ya udongo kuanzia kola hadi pindo. Alitoka akilikamua pindo. Nilitamani ardhi inimeze.

Na ndipo gari la Bwana Keni likaingia. Alitembea mpaka ukingoni, akachutama, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Asajile! Nani ametia kitu hapa? Mimi nilisema nini?"

Mzee Asajile, miaka kumi na moja katika nyumba ile, watoto wote amewalea kwa kazi ile, akavua kofia yake. Hakunitazama hata kidogo, makusudi, ili mtu yeyote asifuate macho yake.

"Ni mimi, Bwana. Niliona nisaidie."

"Wewe! Basi kesho asubuhi ulete funguo zangu."

Nawaambia ukweli, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilihesabu hata hatua za kufika getini. Lakini nikaona Mzee anaikunjakunja ile kofia mikononi, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipaza, "Si yeye, Bwana! Ni mimi!" nikapiga hatua kubwa mbele ya kiume, raizoni zikakanyaga kigae chenye maji, na mkosefu wenu akaenda mzima mzima ndani ya bwawa, afro na yote.

Baridi ile sitaisahau. Niliibuka napiga chafya ya chumvi, bugaluu imejaa maji inanivuta chini, Mchungaji akanidaka ukosi.

"Ni chumvi ya ng'ombe!" nikapiga kelele, meno yanagongana. "Mzee alinikataza! Nilisema naijua mashine, siijui! Nimekosa mimi!"

Kisha Mchungaji, bado kaushika ukosi wangu, akawauliza wazee wa kanisa, "Sasa huyu naye tumwandike?" Wee, walicheka! Walicheka mpaka akina mama wakakaa chini, kwaya wakashikana mabega, na Bwana Keni, ambaye alikuwa amekunja uso kabisa, akageukia ukutani mabega yanamtikisika.

Mzee hakuleta funguo. Mimi ndiye niliyeletewa brashi. Nilikausha bwawa lile na kulisugua wiki nzima, kigae kwa kigae, vibati vya mashine nikavisafisha kwa siki, na chumvi nyeupe ilipopatikana nikaitia mbele ya macho ya Bwana Keni. Viputo vikatoka. Hakukuwa na mtu wa kuviona ila sisi wawili, na mimi hamu ilikuwa imeshaniisha.

Siku ya mwisho ya kusugua, Mama Atupele alikuja na uji kwenye bakuli, akaliweka ukingoni. Nikasimama, macho chini, brashi mkononi.

"Mama, lile gauni..."

"Kinu changu kilirudi chekundu Jumamosi," akanikatisha. "Kwa hiyo maji yalipogeuka mimi nilijua ni nani. Nikasema ngoja nione, huyu kijana ana mdomo wa kusema 'naijua' peke yake, au anao na wa kusema 'nimekosa.' Kunywa uji, utapoa."

Nikanywa. Machozi yaliingia humo humo, na sikuona aibu.

Tangu hapo niliapa kwamba neno "naijua" halitatoka tena kinywani mwangu kabla sijafungua kitu na kukitazama kwa macho yangu. Wateja wengine wamenikimbia kwa hilo. Na miezi michache baadaye, wazee wangu walipotoka Iringa kwenda kuposa, sebule imejaa wakwe, mjomba mmoja wa Atupele, mkali, akanikazia macho akauliza, "Wewe kijana, kutunza mke unajua?"

Nilifungua mdomo. Wazee wangu wote wakanigeukia wakingoja nijisifu kama kawaida yangu. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Atupele, amevaa gauni lile la amerikani, kahawia vile vile, amelipiga pasi.

"Sijui, mjomba," nikasema. "Nitajifunza."

Wazee wangu wakainamisha vichwa kwa aibu. Mjomba akakunja uso. Na kutoka mlangoni Mama akasema, "Huyo sasa mpeni."