Fundi Aliyekataa Kuziba Gurudumu la Nne

Saa tatu asubuhi, Mlandege, Iringa. Sosthenes Kalinga amelala chali chini ya Land Rover ya mwaka 1967, anatazama kama mabomba ya breki yanavuja. Juu, kwenye kiti cha dereva, mwalimu mstaafu Evarista anakanyaga pedeli.

"Achia. Kanyaga tena," anasema Sosthenes. "Mwalimu, unakanyaga breki au unaua mende?"

"Miezi mitano nimekusubiri, fundi. Hata nikiua mende nina haki."

Gari ni la marehemu mume wake. Evarista analitaka kwa ajili ya shamba lake la vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, na ukitoka Iringa kwenda huko lazima ushuke mlima Kitonga. Vitunguu vinang'olewa wiki ijayo.

Injini ilishapona zamani. Kilichokosekana ni mipira midogo ya ndani ya silinda za breki, ile inayosukumwa na mafuta ya breki ukikanyaga. Ya gurudumu la mbele kushoto ilikuwa imeliwa kabisa.

Mafundi wengi wana dawa ya haraka. Wanaponda bomba la mafuta la gurudumu bovu mpaka linaziba, gari linabaki na breki tatu, linatembea. Fundi mmoja wa jirani alimwahidi Evarista kuziba kwa nusu saa tu.

"Nilikaribia kumpa," anakiri mama huyo. "Vitunguu havimsubiri mtu."

Sosthenes, mwenye miaka 58, hazibi. Aliziba mara moja, miaka tisa iliyopita, pikapu ya rafiki yake Jailos. Kwenye kona ya Kitonga Jailos alikanyaga breki, gari likavutwa upande mmoja hadi likatoka barabarani. Alipona, lakini mpaka leo anatembea kwa gongo.

"Hajanilaumu hata siku moja," anasema Sosthenes. "Angenitukana, ningelala."

Tangu hapo hajashuka Kitonga. Kazi ya kumpeleka huko anaikataa, na kwa mtu anayeingiza shilingi elfu ishirini siku ikiwa nzuri, kukataa kazi si mchezo.

Basi akatafuta mipira. Iringa nzima, Mafinga, Makambako, swali lilikuwa lile lile: mna mpira wa breki wa Land Rover ya zamani? Wauzaji wakamcheka. "Mzee, hiyo gari peleka makumbusho."

Mwezi uliopita akapanda basi hadi Mbeya, silinda iko mfukoni mwa koti. Kwenye soko la Mwanjelwa akamkuta Naima, binti anayeendesha duka la vipuri la baba yake. Naima alikuwa na boksi moja la mipira ya Land Rover, halijafunguliwa. Sosthenes akaona safari imeisha. Naima akatoa mpira mmoja, akaukunja kwa vidole. Ukapasuka.

"Huu umekaa dukani zaidi kuliko mimi nilivyokaa duniani," akamwambia. "Hebu lete hiyo silinda."

Akaipima.

"Baba, miezi yote hii unazunguka unauliza jina la gari. Mpira haujui jina la gari. Niulize mpira wa inchi moja."

Akavuta droo, akamtolea mipira minane mipya ya silinda ya klachi ya lori. Kipimo kile kile, umbo lile lile.

"Miaka thelathini mimi ni fundi, halafu nauliza kama mteja," anasema Sosthenes, akicheka peke yake. Siku hizi ana daftari. Kila gari kuukuu linaloingia gereji analipima silinda na kuandika, ili fundi mwingine asizunguke kama yeye.

Jana alikaza kijiti kati ya kiti na pedeli, kikashinda hapo kutwa. Pedeli haikuzama, maana yake hakuna panapovuja. Leo amelinyanyua gari kwa jeki; anatoka uvunguni, anazungusha gurudumu moja moja kwa mkono huku Evarista akikanyaga breki. La kwanza linashika. La pili, la tatu. Lile la mbele kushoto analizungusha kwa nguvu zake zote.

"Sasa!"

Linasimama pale pale.

Evarista anashusha pumzi. "Basi Jumamosi nashuka."

"Tunashuka," anasema Sosthenes. Anataka kukaa pembeni yake mpaka Ruaha Mbuyuni, kisha arudi na basi.

"Wewe? Si utaogopa?"

"Nitaogopa sana, mwalimu. Wewe endesha polepole tu. Nataka nizione kona zote."