Kura ya Hollis Crenshaw

Si kweli kwamba Hollis Crenshaw aliuza Bakuli la Mtama kwa tiketi nne za kutazama mtoano Atlanta. Wanaoeneza maneno hayo mjini Ellerby wanajua kuwa marehemu hawezi kujibu. Wamesahau kwamba ameacha mke, na kwamba mke huyo, Odessa, alifundisha Kilatini miaka thelathini na nne katika sekondari ya mji, na nusu ya wasengenyaji amewasahihishia madaftari.

Hollis alikuwa fundi bomba. Kwa miaka ishirini na sita alikaa pia katika kamati ya Bakuli, ule mchezo mmoja wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo uliochezwa Ellerby kila mwisho wa Desemba. Timu mbili zilialikwa, mshindi akaondoka na kikombe, aliyeshindwa akaondoka ameshiba nyama ya nguruwe. Haukuamua bingwa wa taifa kama unavyofanya mtoano wa Atlanta, na Hollis aliupendea hilo hilo.

"Kwenye mtoano timu moja tu ndiyo inamaliza mwaka ikicheka," alizoea kusema. "Kwetu nusu ya vijana wanarudi kwa mama zao washindi."

Kazi yake ilikuwa kupeleka mwaliko. Alivaa koti jekundu la kamati, akaendesha gari hadi chuoni, na mbele ya timu nzima akampa nahodha kijiko cha sharubati nzito ya mtama. Nahodha akikilamba, amekula kiapo kwamba atacheza. Hakuna aliyewahi kukataa. Angekataaje, na wenzake themanini wanapiga miguu sakafuni?

Mwaka wa mwisho nahodha alikuwa Terrence Boykin, kijana aliyekuwa anangojwa na timu za kulipwa. Akalamba. Robo ya pili ya mchezo goti likakatika, na Hollis, aliyesimama ukingoni mwa uwanja, akausikia mlio. Alimfuata hadi hospitali, na Boykin hajacheza tena.

Februari kamati ikapiga kura: kuendelea na Bakuli, au kulivunja na kuwaachia watu wa mtoano tarehe yake. Likavunjwa kwa kura tano dhidi ya nne. Ya tano ilikuwa ya Hollis. Agosti moyo wake ukasimama, na mji ukawa umekwisha kuandika jina lake juu ya lango la magharibi la uwanja.

Jumapili moja ya Oktoba, Odessa aliingia ukumbi wa kanisa na sinia lake la kuku akamkuta Wendell Stroud, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, anahutubia meza nzima.

"Kesho naleta mtu na rangi. Lango la magharibi la uwanja wetu halibebi jina la msaliti."

"Punguza, Wendell," alisema Shemasi Purvis huku akitafuna. "Mtoano nao una haki yake. Unashinda, unaendelea. Si kualikwa alikwa kama harusini."

"Haki gani? Goti likikatikia kwenye mtoano haliumi?"

"Linauma, ila limekatikia kombe la maana! Sisi letu lilikuwa kombe la sharubati!"

Watu wakacheka. Odessa alilibwaga sinia mezani hadi uma zikaruka.

"Chekeni. Wendell, wewe nilikufelisha mara mbili, leo nakupa mtihani wa tatu. Daktari wa timu ya Boykin alikupigia simu lini?"

"Simu gani tena, Bi Odessa?"

"Ya Ijumaa, siku moja kabla Hollis hajaondoka na kijiko. Usinitumbulie macho, daktari mwenyewe ameniandikia barua. Alikwambia kano ya goti imeanza kuchanika, kijana apumzishwe. Ulimwambia mume wangu?"

Wendell alivuta kola ya shati. "Mji mzima ulikuwa unamsubiri Boykin. Ningefanyaje?"

"Ungesema! Ulimwacha Hollis amtie mtoto wa watu kijiko mdomoni, yeye hajui, wewe unajua. Halafu unamwita yeye msaliti?"

"Lakini kura aliwapa wale wa mtoano," Wendell alisema kwa sauti ndogo.

"Mtoano aliuchukia mpaka anaingia kaburini. Alichokataa ni kubeba kile kijiko tena. Hiyo ndiyo kura yake, na tiketi hakupewa hata moja. Sasa mlete mtu wako na rangi. Mimi nitasimama langoni na barua ya daktari, nimsomee kila apitaye."

Wendell aliisukuma sahani yake kando.

"Basi," alisema. "Jina libaki."

"Libaki, na ule uvumi wako wa tiketi uufute kwa mdomo huo huo, hapa hapa."

"Hapakuwa na tiketi," Wendell alisema, na meza yote ikasikia.

Mke wa shemasi akainama karibu, kwa sauti ya asali. "Pole, dada yangu. Na yule mama yake Boykin, eti alimwambia nini Hollis pale hospitali?"

"Hilo silisemi," alijibu Odessa. "Si leo, wala kwako, wala kwa mtu mwingine."