Nilisimama Katikati ya Barabara Kumsalimu Baba Mkwe

Admin, niwekee haya bila jina. Shemeji zangu wamo humu, kwa hiyo nimebadilisha vitu viwili vitatu wasije wakanitambua. Yaliyobaki ni kweli tupu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Shella hapa Malindi. Nina mke mmoja na watoto watatu, na kazi yangu ni teksi. Kabla hamjanihukumu, acheni niwaeleze tunavyoendesha sisi watu wa pwani. Hatuna haraka. Ukikutana na mtu unayemjua unasimama pale pale ulipo, mnaulizana habari za nyumbani, za mgonjwa, za mbuzi aliyepotea, na walio nyuma watasubiri. Indiketa kwetu ni pambo la gari. Watu wa bara nao wana ugonjwa wao: anakuganda nyuma, mkono hautoki kwenye honi, na akiona upenyo wa baiskeli yeye anapitisha lori. Nimewatukana kwa miaka, abiria wakicheka nami nikizidisha. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa Junju, Mgiriama mcheshi, mwenye mikono mikavu ya jembe. Ndugu zake walipokataa nisimuoe binti yao, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Huyu kijana nimemkubali, anayetaka kununa anune." Mke wangu ni kifungua mimba wake, na sijaona mtoto akimpenda baba yake namna ile.

Miezi miwili iliyopita, Jumamosi moja kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimemshusha abiria upande huo wa Junju, narudi. Nikamwona mzee kando ya barabara na jembe lake begani. Kumpita baba mkwe bila salamu ni aibu, hilo halina mjadala. Lakini pembeni palikuwa na nafasi tele, hata basi lingeegesha. Mimi nikasimama katikati ya njia, kama kawaida yangu, bila indiketa.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu. Usishuke, nakuja nikupe mkono."

Nilikuwa nimeshamnyoshea mkono kupitia dirisha la abiria. Akacheka, akasema mkwe hasalimiwi juu ya kiti kitupu. Akaanza kuzunguka mbele ya gari aje upande wangu wa usukani. Adabu ilinitaka nishuke nimfuate, hata kama amenikataza. Sikushuka.

Nyuma yangu palikuwa na pikapu iliyobeba viazi. Ilikuwa imenifuata kitambo, taratibu tu. Dereva akapiga honi mara mbili. Nilimsikia vizuri sana. Nikasema moyoni, mtu wa bara huyu, leo atajifunza kusubiri. Hakusubiri. Akatoka kunipita, na mzee ndiye huyo anajitokeza mbele ya boneti, amekwisha kunyosha mkono.

Alifariki njiani kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, ndani ya pikapu ya yule yule aliyemgonga. Dereva hakukimbia. Alivua shati lake akamfunga nalo mzee kuzuia damu, huku watu wanampiga mgongoni naye analia tu. Polisi waliponiuliza, ulimi ulinitangulia. Nikasema nilikuwa nimelitoa gari nje ya lami, indiketa inawaka, na yeye akaja kwa kasi kama mwendawazimu. Hakuwa na kasi yoyote. Kosa lake lipo, angengoja. Lakini nililitwaa na kosa langu nikambebesha yeye, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili, maana kila mtu hapa anajua watu wa bara wanavyoendesha.

Siku ya kumaliza matanga dereva yule alikuja na mkewe kuomba msamaha. Mke wangu aliwafukuza mbele ya watu. "Tokeni! Mmeniulia baba yangu kwa haraka zenu, sasa mwaja kula pilau yake?" Yule bwana hakunitaja. Nilipowasindikiza hadi njiani, nadhani ili nihakikishe wameondoka kweli, akanishika mkono. "Bro, wewe ndio ulikuwa mbele yangu," akasema. "Mimi sitaki unitetee. Sema tu venye ilikuwa." Mkewe ana mimba kubwa. Alikuwa ameshika mlango wa gari, ananitazama usoni, na mimi nikainama kama natafuta kitu chini.

Kesi inasikizwa Jumatatu na mimi ndiye shahidi mkuu. Tangu msiba nimekonda, mke wangu anadhani ni majonzi, ananipikia uji na kunibembeleza ninywe. Watoto wangu wakiona gari lenye mtu wa bara wanasema, "Kama yule aliyemuua babu." Jana mke wangu aliipiga pasi kanzu yangu, akaitundika mlangoni, akaja akakaa karibu nami. Akasema, "Baba watoto, namshukuru Mungu ulikuwepo wewe. Baba angekufa mbele ya wageni ningepata wazimu. Alikufa akikujia wewe kwa mapenzi."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, mtu mzima na mvi zangu.

Nikisema kweli, mke wangu atajua kwamba baba yake alikufa kwa sababu mimi nilisimama barabarani nikamfanyia mtu ukaidi, kisha nikala matanga ya mzee huku nikidanganya. Hatakaa na mimi, namjua. Nikirudia uongo, mtu aliyemvulia mzee shati lake atafungwa, na mtoto wake atazaliwa baba yuko ndani. Mke wangu ameshaniambia Jumatatu atakaa benchi la mbele, anitazame nikimsemea baba yake. Ndugu zangu, niweke mkono juu ya kitabu mbele ya macho yale niseme lipi?