Noti ya Pango Iliyonunua Fahali

Saa mbili asubuhi Bertilla anainama kwenye mdomo wa Pango la Kansanzi, nje kidogo ya mji wa Chala mkoani Rukwa, anawasha tochi na kuwageukia wageni wawili walio nyuma yake.

"Lindeni vichwa. Mawe haya hayajui mgeni."

Ndani anawaonyesha kuta zilizokolea moshi, mahali ambapo wafua chuma wa Kifipa walificha nyundo na majembe yao nyakati za vita.

Bertilla (46), mjane na mkulima wa ulezi, anatembeza wageni hapa kwa mwaka wa tisa sasa. Wageni ni wa kuokoteza. Kilichomwinua ni noti ya kumbukumbu, yenye picha ya pango na namba 100 kwenye kona, ambayo kamati ya pango iliichapisha kwa ajili ya watu wanaopenda kukusanya noti. Aliiuza Sh5,000, elfu mbili zikiwa zake.

"Ndiyo iliyomsomesha binti yangu Jenifa uuguzi," anasema.

Mwaka jana, baada ya mavuno, akaja mzee Malimi, mfugaji aliyehamia Rukwa kutoka Shinyanga. Alikuwa ameuza fahali mnadani. Mnunuzi, mtu asiyemfahamu, alimlipa burungutu la noti hizo akidai ni kwacha mia mia mpya za Zambia, kila noti karibu Sh10,000. Mzee alizipeleka mpakani Kasesya kuzibadilisha. Wabadilisha fedha wakamcheka. Mmoja wao, aliyeitambua picha, akamwelekeza Chala.

"Shikamoo, baba," Bertilla alimpokea.

"Marahaba. Mama, pesa hii ni ya kwenu?"

"Ni yetu, baba. Lakini si pesa."

Malimi aliketi, akazitandaza noti juu ya jiwe. "Fahali yule alikuwa wa kumtibu mke wangu macho," alisema. "Haoni."

Bertilla anasema papo hapo alimkumbuka mteja mmoja. Wiki chache kabla ya hapo, mwanamume mmoja nadhifu alinunua noti nyingi kwake, akisema anazipeleka kwenye hoteli za Mbeya. Bertilla alifurahia biashara, hakuuliza zaidi.

Walikwenda polisi pamoja. Tapeli hajapatikana mpaka leo.

Bertilla alisimamisha mauzo. Beda, mwenyekiti wa kamati, alikuja juu. "Kosa ni la tapeli. Sisi tulale njaa kwa nini?"

"Basi uza wewe. Mzee akirudi, umjibu wewe."

Beda hakuuza. Baada ya mvutano, kamati ilitoa sehemu ya akiba yake, Bertilla akaongeza magunia mawili ya ulezi. Mke wa Malimi, Kija, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja mjini Sumbawanga. Fedha ya jicho la pili haikupatikana.

Siku aliyokuja kushukuru, Malimi alikataa hata chai.

"Nipeleke ndani," alisema. "Pango nimelinunua kwa fahali, na sijaliona."

Bertilla alimtembeza taratibu hadi mwisho. Mzee alipapasa ukuta. Walipotoka alisema tu kwamba ndani kuna baridi nzuri.

Noti mpya zinachapishwa sasa. Hazina namba, na pande zote mbili zimeandikwa kwa herufi kubwa: SI FEDHA. Kabla ya kuuza hata moja, Bertilla atazipeleka minadani watu wazione.

Mauzo ya kwanza ameshayapangia kazi.

"Ni ya jicho la mama Kija lililobaki," anasema, akizima tochi. "Nataka naye nimwingize humu, na asihitaji kushikwa mkono."