Nafasi ya Mpiga Solo

Habari kwamba albamu yetu imeteuliwa kuwania tuzo kubwa ya muziki niliisikia redioni mchana, nikiwa nimekaa nje bila kazi kama wanaume wengi wa kambi yetu mwaka ule. Migodi ilikuwa karibu imesimama, na mishahara tulikuwa tumeacha hata kuitaja. Mtangazaji alisoma majina ya bendi kwa Kifaransa, letu likawa la mwisho. Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa letu.

Mama jirani, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliniuliza, "Iko orchestre yenu?"

"Njo yetu."

"Basi batawapa unga," akasema, akaendelea kutwanga.

Tulikuwa wanne. Lubumbashi nzima ilipiga rumba, sisi tukapiga roki, kwa sababu tulikulia kwenye sahani za santuri ambazo wachimbaji walileta kutoka Zambia, zenye magitaa ya kelele. Watu walituita walevi wa bure. Nyimbo nyingi za albamu zilikuwa za mpiga solo wetu. Baba yake aliletwa migodini kutoka Kasai kabla hatujazaliwa. Yeye na mimi tulizaliwa kambi moja, tukasoma darasa moja. Mimi nilipiga gitaa la kumsindikiza. Mwalimu mmoja Mbelgiji ndiye aliyeturekodi katika studio ya mapadri. Maduka yalipoporwa, wageni wakahamishwa, naye akaondoka na utepe wa rekodi, na albamu ikatoka Ulaya bila sisi kuiona.

Siku redio ilipotutaja, mpiga solo hakuwepo tena mjini. Wakasai walikuwa wanafukuzwa, hata waliozaliwa kwetu. Kwenye mikutano ya siasa waliitwa wadudu. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walimnyang'anya darasa, kisha wakavunja madirisha ya nyumba yake. Akapanda treni na mke na watoto kwenda Mwene-Ditu kule Kasai, mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona.

Baadaye kidogo mapadri waliniletea ujumbe wa yule Mbelgiji. Wanamuziki wa kwenye albamu wamealikwa kupiga wimbo mmoja kwenye sherehe ya tuzo, katika mji wa Afrika ya Magharibi. Tiketi tutazichukua Lusaka. Niseme tuko wangapi. Waliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na Kifaransa changu kilikuwa kizuri.

Nilikuwa bado sijajibu, mpiga solo, aliyekwisha kupata habari ya safari kupitia mapadri, akanitafuta kwa phonie. Simu zilikuwa zimekufa, watu walizungumza kwa redio hiyo ya mawimbi. Yetu ilikuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, pale komini ya Kenya, mtaa wa mjini kwetu, aliyeuza maharagwe kwa jumla na kuitumia kufuatilia malori yake. Ulikaa kwenye benchi na wengine, mkasikia wote mambo ya kila mtu; ukimaliza kusema ulitamka "à toi", yaani zamu yako.

"Ndugu yangu, ulisikia redio? À toi," sauti yake ikasema.

"Nilisikia. À toi."

"Batoto bananicheka, banasema papa anasema bongo, redio haiwezi kumutaja. Sikiya. Nitakamata train ya kurudia. Mapadri banaweza kunificha siku mbili, kisha tunavuka mupaka pale Kasumbalesa pamoja. Sema tu neno moja, nitakuya. À toi."

Kwenye benchi walikuwepo vijana wawili, wa wale waliolinda mitaa kwa fimbo ili Mkasai asirudi. Walinifahamu. Mmoja akatabasamu, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, orchestre iko ya hapa, si vile? Bale ba kule bajitafutie yabo."

Mfanyabiashara alifunika kinasa sauti kwa kiganja. "Naweza kubatosha inje," akaninong'oneza. "Nitasema batterie inakufa, barudi kesho."

Nikamwambia si lazima.

Nimeifikiria dakika ile kwa miaka mingi, na siwezi kuipaka rangi nyingine. Woga ulikuwepo, lakini yule mtu alikuwa amenipa njia ya kuukwepa. Mpango wa mapadri nao ulikuwa mzuri. Niliwajua wengine waliopitishwa hivyo wakafika salama. Kilichobaki kilikuwa changu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake tangu ujana, nikikwangua nyuzi zilezile ili yeye apae. Nyumbani nilikuwa nimejifunza solo zake zote, kimyakimya, mke wangu akidhani nimelala. Nilitaka kusimama mbele mara moja.

"Usikuye," nikasema. "Nafasi yako ilisha kupata muntu. À toi."

 Akasema katikati ya kelele za mawimbi, "Nimesikia. Mupige muzuri. Terminé," akakata.

Vijana wakapiga makofi. Mfanyabiashara hakuniangalia, alishika kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Wenzangu wawili niliwaambia kwamba amekataa mwenyewe kwa ajili ya watoto. Waliniamini, kwani nani angemjua kuliko mimi? Tukaenda watatu. Pale ukumbini waliniuliza yuko wapi wa nne, nikasema anaumwa. Nikasimama mbele, nikapiga solo yake kama ilivyo kwenye albamu, bila kukosea mahali popote. Yeye hakuwahi kuipiga namna moja mara mbili. Watu wakapiga makofi kama wanavyompigia mwanafunzi aliyemaliza kukariri, na tuzo ikaenda kwa wengine.

"Ulipiga sawa na cassette," mpiga ngoma wetu aliniambia hotelini. Tuliporudi hatukupiga pamoja tena.

Mpiga solo alirudi Lubumbashi baada ya vita vya miaka iliyofuata, akafungua duka dogo la dawa huko huko komini ya Kenya. Nilikawia kwenda. Siku nilipoingia alinitazama juu ya miwani.

"Mon cher, unazeeka mbele yangu?"

"Njaa njo inazeesha."

"Bongo. Iko ile roki yako."

Tukacheka. Akamwita binti yake kutoka nyuma ya duka, akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisimulia jambo mara nyingi, "Uyu njo yule papa wa phonie. Ningekuya ile siku, bangeniua njiani. Alijua batu banasikiliza, akanisemea maneno makali ili nibakie. Nilimukasirikia mwaka muzima. Kisha nikaelewa."

Binti akanishika mkono kwa mikono miwili.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Benchi halikuwepo, fimbo hazikuwepo. Nikasema, "Kweli, njia ilikuwa hatari." Hilo halikuwa uongo, ndiyo maana lilitoka kwa urahisi.

Mwaka jana binti huyo aliolewa. Walinitumia suti, wakanikalisha kwenye meza ya ndugu za baba. Mpiga solo alisimama na glasi, akawasimulia wageni habari za phonie, pamoja na kelele za mawimbi ambazo aliziiga kwa mdomo hadi watu wakacheka. Kisha akawaonyesha nilipokaa. Watu waligeuka wote. Nikainuka kidogo kwenye kiti, nikawasalimu.