Pedi Inayowaka Bila Betri

Usinitazame hivyo. Sikuota, wala sikuwa na homa. Yamenikuta mimi, hapa hapa Newala, mchana kweupe, umeme umekatika.

Nina kibanda cha gemu. Ng'ambo ya barabara alikuwa Baba Zuhura na kibanda chake. Siku moja akaleta pedi ya kuchezea gemu ambayo vitufe vyake vinawaka taa: nyekundu, kijani, buluu. Wateja wangu wakavuka barabara. Wote! Wivu ulinikaba.

Nikafungua pedi yangu, nikalehemu taa ndogo chini ya vitufe. Lakini umeme niliuchukua kwenye mota ile inayotetemesha pedi, basi zikawa zinawaka pale tu mchezaji anapopigwa ngumi. Baba Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Nikaing'oa betri, nikaiweka mezani, nikasusa.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, simjui. "Mama Shaibu, naomba maji." Nikampa kikombe. Akanywa kidogo, yaliyobaki akayamwaga chini. Newala hii ya shida ya maji! Nani wa huku anamwaga maji? Na niamini, vumbi halikulowa. Ningetimka pale pale, ila alikuwa ameshashika pedi yangu, na macho yangu yote yalikuwa kwenye pedi.

"Unataka ziwake kama za jirani?"

"Zizidi za jirani," nikasema.

Akavipulizia vitufe, vikawaka. Akaenda zake. Nikatazama mezani: betri iko pale pale nilipoiweka.

Wateja wakarudi mbio. Ila nikaona kitu. Zuhura alipolazwa, nikamhurumia baba yake, na taa zikafifia. Nikisikia kicheko chake ng'ambo, zinawaka hadi macho yanauma. Nami nakonda, usingizi sipati. Ni mimi zinayenila, nani mwingine?

Nikajisemea, jirani akihama nitapona. Kweli, kafunga kibanda, kahamia Masasi. Pedi nikaifungia kabatini, nikaifunika kanga. Taa zikazimika. Nikalala, jamani, nikalala!

Juzi muuza maji kanipa habari. "Mama Shaibu, Baba Zuhura huko Masasi anajaza, watu wanasimama mpaka nje."

Nikasema, "Mungu ambariki." Nilipoingia ndani, mwanga ulikuwa unatoka chini ya mlango wa kabati.

Wewe mwenye jirani, akija mtu kukuwashia taa, muulize kwanza zitakula nini.